Upepo wa Mlimani

Jumanne, 12 Agosti 2025

Kesho ndege. Baba ameshapiga pasi shati lake la kiwanja, lile la bluu, na kulitundika kwenye msumari kama la arusi. Nimemwambia ng'ombe hawajali kola. Kasema rubani anajali.

Miaka ishirini na mbili analinda kiwanja. Kiwanja chenyewe ni nyasi tu na changarawe, hatua mia saba, kichwa kimoja kinautazama mlima Hanang na kingine bonde. Sisi tunaviita Mlimani na Bondeni, basi. Kila Jumatano ya pili ya mwezi ndege inaleta daktari na chanjo, na ikiondoka inaondoka na mgonjwa aliyezidiwa. Baba anafyeka, anafukuza ng'ombe, na zamani alikuwa anawasha moshi: nyasi mbichi juu ya moto, rubani anaangalia moshi unalalia wapi, anajua upepo.

Moshi nimeufuta mimi. Kifua chake hakikupenda moshi, anakohoa hadi machozi. Na tangu Machi ofisi ya ndege ya Arusha inataka mlinzi apigiwe simu na rubani kabla ya kutua, aseme upepo. Nikamwandikia karatasi kwa kalamu nene: UPEPO WA MLIMANI. UPEPO WA BONDENI. HAKUNA UPEPO. Achague moja, asome. Baba alijifunza kusoma ukubwani, kisomo cha jioni, kwa hiyo nilitumia herufi kubwa. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Mpaka leo amesoma mstari wa tatu tu. Ndege inafika saa mbili asubuhi, upepo bado umelala. "Hakuna upepo," anasema, kwa sauti ya redio. Halafu ananitazama kama nampa maksi.

Ule mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo, wa kwenye mlingoti, ulichanika Juni. Mpya unakuja, wanasema. Unakuja.


Jumatano, 13 Agosti

Wote wazima. Niandike hilo kwanza. Wote wazima.

Nilikuwa na kidato cha tatu, kipindi cha nne. Ndege ilikuwa imechelewa, huko Arusha kulikuwa na ukungu. Tukaisikia ikishuka karibu saa tano. Mlio ule ule. Halafu ukawa mrefu kuliko siku zote, halafu kishindo, halafu kimya. Sikuaga darasa. Nimekimbia na chaki mkononi hadi kiwanjani, dakika kumi na tano.

Ndege imeingia kwenye ngwara, yale maharage yanayotambaa, ya Onesphory, jirani yetu, upande wa Mlimani. Tairi la mbele limepasuka, pangaboi limepinda ncha. Daktari amekaa chini, anacheka cheka bila sababu. Nesi Raudha wa zahanati anakagua masanduku ya chanjo, moja moja, midomo inamcheza.

Na Baba. Baba amemshika rubani mkono. Rubani ni yule kijana Yusuph, anakuja tangu mwaka juzi. Baba anamwambia polepole, kama anamtuliza ndama: pole kijana wangu, umekimbia kidogo tu, hata mimi nilikimbia nikiwa na umri wako.

Yusuph aliinamisha kichwa tu.

Hasira yangu ilikuwa juu. Baba angeweza kuwa amesimama pale kwenye ngwara. Husimama pale.


Alhamisi, 14 Agosti

Baba amepeleka maziwa zahanati. Yusuph analala pale kitanda cha wageni, anasubiri fundi. Nimeuliza kwa nini aliyekaribia kumuua ndiye anayenywa maziwa ya asubuhi. Kasema kijana akikosea mbele ya watu anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Jioni tumepima. Mimi na daftari, yeye na miguu yake. Alama ya tairi inapoanza tumeweka fimbo. Kuanzia hapo hadi pua ya ndege: hatua 540. Sitini za mwisho ni ndani ya ngwara.

"Siku zote inasimama kwenye jiwe langu," Baba kasema. Ana jiwe alilolipaka chokaa. Tumepima na hilo. Hatua 360, na alama za zamani zipo, mwezi hadi mwezi, karibu pale pale.

Mia tatu sitini na mia tano arobaini. Mara moja na nusu. Nitalala nazo hizo namba.

Halafu jambo jingine. Kiwanja ni hatua mia saba lakini ngwara imekula themanini. Onesphory alisogea mstari mmoja mmoja, kila msimu, kwa adabu. Nilipomwonyesha kasema ni ngwara yenyewe inatambaa. Ngwara haitambai kwa mistari iliyonyooka, nimemwambia. Akacheka, lakini uso ulikuwa umemshuka.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kumhoji rubani. Neno kumhoji ni langu, Raudha kaniambia nilikuwa naenda kumgombeza.

Amekaa kwenye benchi la kliniki, jezi ya kuazima. Kaniamkia vizuri. Nikamuuliza moja kwa moja: ulikuwa na mwendo gani wakati magurudumu yanagusa? Kajibu kama mtu aliyejibu mara nyingi: kilomita mia na kumi kwa saa, madam, kama siku zote, saa yangu ya mwendo haikusema uongo.

Basi tairi zako zimesema uongo, nikamwambia. Hatua mia tano arobaini.

Akaivuta ile jezi mabegani. Halafu: mia na kumi ni hewani, madam. Ardhini ni habari nyingine.

Hilo nalijua! Nalifundisha! Ndege inapima mwendo wake kwenye hewa inayoizunguka. Upepo ukiwa usoni wa kilomita ishirini na tano, ardhini unabaki na themanini na tano. Ukikusukuma kwa nyuma, una mia thelathini na tano. Saa ya ndege inasema mia na kumi, zote mbili.

Na nishati ya mwendo haiendi sambamba na mwendo. Inakwenda na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Nimekaa jikoni na kikokotoo cha simu:

Bila upepo, 110: hatua 360. Ndiyo lile jiwe.
Upepo nyuma, 135: mwendo umeongezeka chini ya robo tu, lakini nishati mara moja na nusu. Hatua 542.
Upepo usoni, 85: hatua 215.

Mia tano arobaini na mbili. Sisi tumepima mia tano arobaini. Nimekokotoa tena. Ile ile.

Kwa hiyo hakukimbia kizembe. Alitua na upepo mgongoni. Lakini kwa nini rubani mzima atue na upepo mgongoni? Nilirudi kumuuliza. Kasema alipewa upepo wa mlimani, akaja akiuelekea mlima, na alipoona ardhi inamkimbilia alikuwa ameshachelewa, mbele kuna mikaratusi, hakuthubutu kunyanyua tena. Kosa langu, kasema. Akaangalia pembeni.

Upepo wa mlimani alipewa na nani, sikuuliza. Simu ni moja.


Jumapili, 17 Agosti

Siwezi kuandika vizuri leo.

Tumetoka kanisani, tunapanda njia ya nyumbani, mimi na Baba. Upepo umeamka. Vumbi linatoka huko bondeni, linatupita, linakwenda zake mlimani. Kofia yake ameishika. Na kasema, mazungumzo tu, ya kawaida kabisa: "Leo tena upepo wa mlimani."

Nikasimama.

Nikamuuliza, wa mlimani vipi, baba? Akanishangaa. Akanyoosha mkono kufuata vumbi. "Si huo unakwenda."

Kwake upepo ni wa kule unakoenda; kwa rubani ni wa kule unakotoka. Amechunga tangu ana miaka sita. Mchungaji anataka kujua harufu ya ndama wake inapelekwa wapi, kwa sababu fisi yuko huko. Ulikotoka umeshapita, haumhusu. Babu alisema hivyo, na baba yake babu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo nikiwa mdogo, nimekumbuka leo! Shule ndiyo ilinigeuza, na sikuona hata siku iliyonigeuza.

Na mimi nikamwandikia: UPEPO WA.

Herufi mbili. Kwa kalamu nene.


Jumatatu, 18 Agosti

Sijasema.


Jumatano, 20 Agosti

Darasani leo. Kigari cha mbao, ubao ulioinama, mwishoni boksi la chaki lenye mchanga. Kigari kinashuka, kinalisukuma boksi, tunapima limesogea kiasi gani. Nikawaambia: nataka kigari kifike chini kwa mwendo mara mbili. Wote wakasema basi tukiachie mara mbili juu zaidi. Haikutosha. Ilibidi mara nne juu, na boksi likasogea mara nne.

Kuna binti mkimya wa mstari wa nyuma, Fausta, karibu hasemi mwaka mzima. Leo kanyoosha mkono: "Madam, kumbe spidi inajizidisha yenyewe."

Sijawahi kusikia ikisemwa vizuri hivyo. Nimegeukia ubaoni nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa karibu na sikuwa na maelezo ya kuwapa.

Mchana Raudha kanionyesha ujumbe wa ofisi kwenye simu. Yusuph asimamishwe kazi kwa kutua na mwendo uliozidi. Aripoti Arusha. Uamuzi kamili mwisho wa Septemba.

Nimemuuliza Raudha, Yusuph mwenyewe amewaeleza nini? Kasema ameandika mistari mitatu tu. Kwamba aliukadiria upepo vibaya. Yeye. Hakumtaja mtu.


Ijumaa, 22 Agosti

Fundi amemaliza, rubani mwingine amekuja na kuirusha ndege alfajiri, tupu, hewa imetulia. Yusuph ameondoka kwa gari la mahindi hadi Katesh, atapanda basi huko.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikusudia kumwambia. Akaniwahi yeye.

Anajua. Alijua tangu dakika ya kwanza. Alipofungua mlango wa ndege, kofia yake iliruka ikaelekea mlimani, akaelewa hapo hapo upepo ulikuwa unatoka wapi. Na kabla hajafungua mdomo, mzee akamshika mkono na kumwambia umekimbia kidogo tu.

"Ningesema nini, madam? Ameniletea maziwa siku tisa. Mwache mzee."

Nikamuuliza, na kazi yako? Kasema atatafuta nyingine, hata ya kuendesha watalii. Amesema kama mtu anayezungumzia viatu. Lakini nilimwona anavyoangalia angani wakati tunasubiri gari, na ndege yenyewe ilishaondoka zamani.

Na mwezi ujao? nikamwambia. Atakuja mwenzako, atauliza upepo, atajibiwa vile vile.

Akaokota begi lake. Gari lilifika. Ameniachia chupa ya maziwa ya Baba, imeoshwa, niirudishe.


Jumapili, 24 Agosti

Sijasema. Mama angekuwepo angesema yeye, huku anachambua maharage, na isingeuma. Miaka miwili sasa tangu tumzike. Mimi nina fomula na sina mdomo.

Nikinyamaza, Yusuph anapoteza kazi na ndege ijayo inaitwa kinyume. Nikisema, nampokonya Baba shati la bluu. Hakuna kona ya tatu, nimetafuta.


Jumanne, 26 Agosti

Nimesema.

Zizini, anakamua. Nilidhani itakuwa rahisi kwa sababu mikono yake ina kazi na hanitazami. Nikamwambia baba, nisikilize hadi mwisho. Nikaanza na mwendo. Nikasema ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Akasema anajua, ndama anayeteremka mlima ni hivyo hivyo, ukimwacha akolee hata mti haumsimamishi. Nikasema upepo ukikupiga usoni unakupunguzia, ukikusukuma unakuongezea. Akasema ndiyo. Nikasema ndege ingekuja ikitazamana na upepo, kwa hesabu yangu ingesimama hatua mia mbili na kumi na tano, isingefika hata kwenye jiwe lako. Akasema, "Vizuri."

Halafu nikamwambia marubani wanauita upepo kwa kule unakotoka.

Maziwa yakaendelea kulia ndooni, mara tatu, mara nne. Yakaacha.

"Unakotoka kunamsaidia nini mtu?" kasema. "Umeshatoka."

"Ndivyo wanavyouita, baba."

Ng'ombe kageuza kichwa kuona kuna nini.

"Kwa hiyo nilimwita kijana aje nyuma nyuma."

Nikamwambia karatasi niliandika mimi, kosa liko kwenye karatasi. Kama vile hajanisikia.

"Na yeye amejua?"

"Alijua siku ile ile."

Akaangalia ndoo. "Akanywa maziwa yangu," kasema. "Siku zote zile. Akanywa, akashukuru."

Kainuka bila kumaliza kukamua. Miaka yangu thelathini na moja sijawahi kumwona akimwacha ng'ombe katikati. Nimemaliza mimi, vibaya.


Jumatano, 27 Agosti

Simu ya kiwanja iko mezani kwangu. Ameiweka juu ya madaftari ya wanafunzi, na chaja yake imekunjwa vizuri. Shati haliko kwenye msumari.

Hajala.


Alhamisi, 28 Agosti

Amekula ugali kidogo na mboga. Nilimwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, basi. Ameshinda anatengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa na ubovu.

Nampenda huyu mzee hadi naumwa. Niliwahi kumwambia? Hatusemi haya mambo kwetu. Tunaulizana kama chumvi ipo.


Jumamosi, 30 Agosti

Baada ya chai: "Chukua kalamu, mama." Akiniita mama ujue ameshaamua.

Barua kwa ofisi ya Arusha. Anasema, naandika. Mimi Akonaay, mlinzi wa kiwanja, ndiye niliyemkimbiza kijana. Yeye alikuwa na mwendo wake wa kawaida. Upepo niliusema kwa lugha ya ng'ombe na yeye anaendesha ndege. Mrudishieni kazi yake. Kama kuna wa kusimamishwa, nimeshasimama.

Nikasimamisha kalamu. Nikasema naongeza: karatasi iliandikwa na binti yake, mwalimu wa fizikia. Akakataa. Usijitie humo, una kazi ya serikali. Nikasema ni kweli tupu. Akasema kweli ni nyingi, barua ni moja. Tukagombana kweli, sauti juu, hata Onesphory akaja ukingoni mwa boma kuuliza kama kuna msiba. Tukamwambia hakuna, rudi kwenye hatua zako themanini.

Mwishoni Baba kasema, "Basi andika. Lakini kwa herufi ndogo."

Nimeandika kwa herufi ndogo. Nikaweka na hesabu zote nyuma ya karatasi: 85, 110, 135, na hatua zake. Baba akauliza ile mia mbili kumi na tano ni ipi. Nikamwonyesha. Akaiwekea kidole muda mrefu.

Raudha ameipiga picha na kuituma.


Alhamisi, 4 Septemba

Majibu. Raudha kaja nayo mwenyewe kwa miguu, hakutaka kupiga simu.

Yusuph amerudishwa. Atakuja yeye Jumatano, tarehe kumi.

Mfuko mpya wa upepo bado, unakuja. Kuanzia sasa upepo atausema nesi, na atautaja kwa kule unakotoka, ameelekezwa. Mzee Akonaay wanamshukuru sana kwa uaminifu wake na aendelee na kazi ya kuzuia mifugo.

Kazi ya kuzuia mifugo. Nimemsomea Baba hapo haraka haraka nikidhani haitasikika.

"Kijana amerudi," Baba kasema. "Sawa." Akaenda kuwatazama ng'ombe, ambao walikuwa pale pale na hawahitaji kutazamwa.

Raudha kaniambia hakuomba hiyo kazi. Najua, nikamwambia. Tulikaa tu.


Jumamosi, 6 Septemba

Shule imefunga. Onesphory anang'oa ngwara. Zote, hadi mpaka wa zamani, na maganda hayajakauka. Nimemwambia angesubiri avune. Kasema ndege haisubiri. Majani amewaletea ng'ombe wa Baba, mizigo miwili, akaitua getini na kuondoka bila salamu. Kwa Onesphory hilo ni hotuba.


Jumanne, 9 Septemba

Baba hayupo tangu mchana. Karudi na viatu vyeupe. Chokaa. Nimeuliza, kasema alikuwa na kazi.

Baadaye nimepita njia ya kiwanjani makusudi. Jiwe la zamani liko pale pale. Lakini kuna jingine, jipya, bado bichi, linachafua kidole. Liko upande mwingine, kwa ndege itakayotua ikitoka Mlimani kuelekea Bondeni. Nilisimama pale inapoanza sehemu ya kugusa, nikahesabu. Miguu yangu ni mifupi kuliko yake kwa hiyo nilihesabu mara mbili.

Mia mbili na kumi na tano.

Nimekaa chini nikalia. Ameichukua hesabu yangu akaitembea.

Nyuma ya nyumba kuna mzigo wa nyasi mbichi, umefungwa. Nimejifanya sijauona.


Jumatano, 10 Septemba

Saa nne na robo. Naandikia magotini, nimekaa kwenye gogo la kiwanjani. Ndege imechelewa tena kutoka Arusha. Mapema ningependa, upepo ungekuwa umelala na kila kitu kingekuwa rahisi. Umeamka. Unatoka bondeni, mkali, unanifunua kurasa.

Baba kaja. Shati la bluu. Kola imenyooka. Ana nyasi zake begani, na hakuniuliza kitu na mimi sikusema habari ya kifua. Amewasha moto, ameweka nyasi juu. Moshi umeinuka kidogo, ukavunjika, ukalala kuelekea mlimani. Moshi hauna neno "wa".

Amesimama umbali kidogo na mimi. Kazi yake ni mifugo. Hakuna ng'ombe hata mmoja kiwanjani, amewaondoa tangu alfajiri.

Raudha alikuwa na simu. Sasa hivi ameitwa mbio, kuna mama amefika zahanati na uchungu umekolea. Kanirushia simu, akaniambia: Judica, useme wewe, unakotoka. Akakimbia.

Mlio. Nausikia kabla sijaiona.

Simu imeita. Ni Yusuph. Kaniamkia, nikasikia amefurahi, halafu sauti ya kazi: "Upepo wa wapi, madam?"

Hata yeye kasema "wa".

Ningeweza kujibu. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikamwangalia Baba, na yeye hakuniangalia, alikuwa anaangalia moshi, mikono nyuma, kama mtu asiyeombwa kitu. Nikatembea hatua kumi hivi nikampa simu. Ofisi wanisamehe, au wasinisamehe.

Hakuipokea haraka. Kwanza aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi yangu. Ile ile. Amekata "WA" zote mbili kwa mkaa, na pembeni ameandika mwenyewe, herufi zimeinama, moja imegeuka: UNATOKA.

Akaiweka simu sikioni. "Kijana wangu." Akasikiliza salamu, akaitikia marahaba. Macho kwenye moshi, siyo kwenye karatasi.

"Unatoka Bondeni," kasema. "Unakwenda Mlimani. Wewe njoo ukitazamana nao."

Kaongeza, polepole: "Na leo usikimbie."

Sijui Yusuph amejibu nini. Baba kacheka, kakohoa, kacheka tena.

Ndege imetupita juu. Inazunguka. Sasa iko upande wa mlima, juu ya mikaratusi, imeinamisha bawa moja, inajipanga. Inaelekea huku, usoni kwa upepo. Inaonekana kama haitembei, iko polepole kweli, sijawahi kuiona polepole hivi. Baba hajatoa simu sikioni ingawa imeshakatika. Haangalii ndege. Ametangulia, ameshasimama kando ya jiwe lake jipya, na ananiita kwa mkono. Nafunga daftari.